Mke Mwenza wa Chuma

Mjomba wangu alikuwa na wake wawili: mmoja alimwoa, wa pili alimkuta kazini. Wa kwanza ndiye aliyenilea. Kwa haki ni mkaza mjomba wangu, lakini mimi namwita Mama, kwa sababu mama aliyenizaa aliondoka duniani kabla sijajua kutamka neno hilo. Wa pili alikuwa boila ya hospitali, pipa la chuma kubwa kama chumba cha kulala, lililokaa nyuma ya jengo la kufulia likila magogo tangu alfajiri na kutoa moshi mpaka jioni. Jina la mke mwenza alilitoa Mama. "Mwenzangu ameshindaje?" alimwuliza Mjomba kila aliporudi nyumbani, na Mjomba, ambaye hadi leo hajui anapotaniwa, alijibu kwa makini: "Hajambo, ila mlango unamsumbua kidogo."

Pale hospitali walimwita Mzee Mvuke, hata alipokuwa kijana asiye na mvi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchemsha maji. Maji ya kufulia mashuka, maji ya jikoni, maji ya kuoshea vyombo vya upasuaji kabla havijakwenda kuchemshwa upya, na maji ya kuoga akina mama waliojifungua. Hilo la mwisho ndilo alilolijali kuliko yote. Dirisha la wodi ya wazazi linatazamana na mlango wa chumba cha boila, na Mjomba akisikia kilio cha mtoto mchanga alisema, "Mgeni huyo," akatupa gogo jingine motoni. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba mwanamke aliyetoka kwenye kazi kama ile hawezi kuambiwa aoge maji ya baridi.

Nilikulia kwenye mlango ule. Nikitoka shule nilipita kwake, nikaketi juu ya kuni, nikafanya hesabu zangu huku yeye akizungumza na chuma chake. Alikuwa akiingia asubuhi kwa kubisha hodi, ingawa hakukuwa na mtu ndani. Aligusa mabomba kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyomgusa mtoto mwenye homa, kisha akazunguka wodi zote akifungua mabomba na kuuliza, "Yamefika?" Wauguzi wakimjibu kwamba yamefika, alirudi zake ameridhika kama mtu aliyelipwa. Nadhani nilisomea uuguzi ili siku moja niwe mimi ninayemjibu. Sasa mimi ni muuguzi wa wodi ile ile ya wazazi, na nimemjibu mara nyingi mpaka ulimi umezoea.

Lakini uuguzi huo huo ndio ulionigombanisha na boila. Mtoto haoni kikohozi cha mlezi wake; kwake ni sauti ya nyumba, kama bawaba ya mlango. Muuguzi anakiona. Siku niliyoweka kipimo changu cha kusikilizia pumzi kwenye kifua cha Mjomba kwa mara ya kwanza, kwa mchezo, nikiwa bado mwanafunzi, nilisikia humo ndani mlio wa karatasi kavu inayokunjwa. Nilitabasamu ili asishtuke, nikaenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia. Daktari wa kifua alimwambia waziwazi kwamba aachane na moshi, la sivyo moshi ndio utakaomwacha yeye mahali pabaya. Mjomba alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akarudi kuchochea moto.

"Moshi wangu unanijua," aliniambia.

"Moshi haujui mtu, Mjomba."

"Sasa nikiacha mimi, nani atawachemshia wazazi wako wa wodini maji? Wewe?"

Hapo alikuwa amenishika pabaya. Tangu hapo nikaichukia boila ile kuliko Mama alivyoichukia, na yeye ndiye aliyekuwa mke mwenza.

Ndani ya chumba cha boila Mjomba alikuwa na redio ndogo, nyeusi kwa masizi, na kupitia redio hiyo alifuatilia mikutano ya mataifa kuhusu tabianchi kama wenzake walivyofuatilia mpira. Alijua nani amegoma, nani amelegea, nani ametoka nje ya ukumbi kwa hasira na amerudi kwa njaa. "Wameahirisha tena," alinipa taarifa. "Wanabishania neno. Wengine wanataka iandikwe 'kuacha', wengine wanataka 'kupunguza'. Mama yako aliponiambia niache sukari, tuliita mkutano?"

"Uliacha?"

"Nilipunguza."

Alikuwa na hoja yake, na aliitoa kwa yeyote aliyesimama karibu na moto. Alisema kwamba wako watu huko mbali waliochoma makaa na mafuta vizazi na vizazi, wakajenga miji inayowaka taa hata mchana. Yeye anachoma magogo ili mwanamke apate ndoo ya maji ya kuoga. Leo wote wanaambiwa wazime pamoja, kama vile walianza pamoja. Kisha, baada ya kusema hayo yote kwa ukali, alitazama kilima kilicho nyuma ya hospitali, kile ambacho nilipokuwa mtoto kilikuwa na msitu na sasa kina upara, akaguna. "Ila na mimi sijambo," alisema. "Kile kilima nimekinyoa mwenyewe."

Siku moja redio ikasema wamekubaliana. Mjomba hakuamini mpaka makubaliano yenyewe yalipoingia getini kwa lori. Nchi zilizochafua zaidi zingechangia, nchi zenye viwanda zingeleta vifaa, na hospitali yetu ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa kuchemsha maji kwa jua. Paneli za kupasha maji zilitoka nchi moja, tangi likatoka nchi ya pili, na kisanduku cha kuongoza mitambo kikatoka nchi ya tatu, mbali kuliko zote.

"Na sisi tumechangia nini?" Mjomba aliuliza.

"Paa," alijibu Mganga Mkuu wa hospitali.

"Na jua," aliongeza Mjomba, maana hakutaka tuonekane wachoyo.

Pamoja na vifaa alikuja fundi mmoja wa kigeni, mrefu kiasi kwamba aliinama hata kwenye milango ambayo haikumdai kuinama. Neno la kwanza alilolijua katika lugha yetu lilikuwa "bado", kwa sababu ndilo alilolihitaji. Mganga Mkuu alimwuliza kama mitambo iko tayari, naye akajibu bado. Wafuaji walimwuliza, bado. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua uani walimwuliza kwa kujifurahisha tu, bado. Ikawa jina lake. Mwenyewe alilipenda, akawa akiitwa hivyo anageuka.

Kilichomchelewesha ni kwamba mabomba ya nchi moja hayakuingiana na tangi la nchi nyingine. Kila upande ulikuwa umetengeneza kitu kizuri kabisa, kwa kipimo chake. Yakawekwa pamoja, yakakataa kama watoto wa mama mbalimbali wanaolazimishwa kulala kitanda kimoja. Bado alikaa chini kwenye sakafu ya jengo la kufulia, bomba mkono mmoja na shingo ya tangi mkono mwingine, akiyatazama kwa huzuni. Mjomba alifurahi sana. Alimletea chai, akaketi kando yake, akaniambia nimfasirie, "Mwambie, kama mabomba yao hayaelewani, wao wenyewe walielewanaje?" Nilimfasiria kwa Kiingereza changu cha hospitali. Bado alifikiri, akacheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Viungo vya kuyaunganisha vilichongwa na fundi chuma wa mtaani, baada ya kwenda na kurudi kwingi, na kila aliyekosea kipimo alimlaumu mwenzake kwa lugha asiyoielewa.

Urafiki wa Mjomba na Bado ulikuwa wa ajabu. Hawakuwa na maneno ya kutosha kugombana, kwa hiyo waliketi tu. Mjomba alimfundisha kubisha hodi kwenye chumba cha boila. Bado alimpandisha paani akamwonyesha jinsi ya kufuta vioo vya paneli kwa kitambaa laini, na Mjomba akashuka akikohoa, mkono kifuani, akisema kwamba huko juu kuna upepo mzuri. Nilimtazama Bado akimtazama. Alisikia kikohozi kile. Kesho yake aliniuliza, nusu kwa lugha yake na nusu kwa yetu, "Mvuke, kifua, bado?" Nikamwambia ndiyo, bado, na ataendelea hivyo mpaka ule moto uzimwe.

Mambo yalikuwa yamesimama hapo. Ujumbe wa nchi wafadhili ungekuja kujionea. Kabla haujafika, boila ingezimwa kwa muda wa majaribio, hospitali nzima itumie maji ya jua. Wageni wangefungua bomba, waone kama maji ni ya moto. Wakiridhika, mradi ungepita, mlango wa boila wa kutupia magogo ungefungwa kwa kulehemu mbele yao, na Mjomba angekuwa mwangalizi wa mitambo mipya, kazi ya kitambaa na upepo. Wasiporidhika, vifaa vilivyobaki vingepelekwa kwingine, na sisi tungerudi kwenye magogo. Daktari wa kifua alikuwa amekwisha niambia faragha kwamba Mjomba hatastahimili masika nyingine mbele ya moto ule. Kwa hiyo wengine walipoisubiri siku ya wageni wakiwaza heshima ya hospitali, mimi niliwaza pumzi za mtu mmoja.

Majaribio yalianza vizuri. Jua liliwaka, maji yakatoka yanafuka. Mjomba alizunguka wodi akigusa mabomba kwa mgongo wa kiganja, uso wake kama wa mtu aliyemkuta jirani akimlisha mtoto wake. "Yamefika?" aliuliza. "Yamefika, Mjomba." Akasema, "Basi vizuri," kwa sauti iliyonifanya nitamani kumkumbatia. Mchana aliketi mbele ya boila iliyopoa, redio mkononi, bila kuiwasha.

Sasa nifike kwenye kosa letu. Nasema letu, kwa sababu hakuna aliyekuwa nje yake.

Kuna jambo moja ambalo watu wa huko waliopiga mahesabu ya mitambo hawakuliweka: kwamba watu wetu wakisikia mgeni anakuja, wanafua. Kiongozi wa wafuaji ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeitwa Mama Povu, na siku moja kabla ya ugeni alisimama katikati ya jengo la kufulia akatangaza kwamba hakuna Mzungu wala Mwafrika atakayekuja kusema hospitali yetu inanuka. Akashusha mapazia ya wodi zote. Akafuata mablanketi, makoti ya madaktari, aproni za wapishi, vitambaa vya meza ambavyo havijawahi kutumika, na bendera. Wodi nazo hazikukubali kushindwa. Mimi mwenyewe, msomi wa usafi, nilisugua sakafu ya wodi ya wazazi kwa maji ya moto, nikaona haijang'aa, nikarudia. Wagonjwa wanaoweza kutembea walioga asubuhi na jioni. Jikoni waliosha masufuria yaliyokuwa safi. Mjomba alifua ovaroli yake, akaitazama, akaifua tena, na masizi ya miaka yote yale yakatoka, tukagundua kwamba kumbe ilikuwa ya bluu.

Na mchana kutwa wingu lilikuwa limetanda. Hakuna aliyetazama juu. Tulikuwa tumeinama, tunafua.

Alfajiri ya siku ya wageni nilifungua bomba la wodi nikanawa mikono, nikaiondoa haraka. Maji yalikuwa ya baridi, baridi ya kisima. Nilikimbia kwenda jengo la kufulia. Mama Povu alikuwa amesimama mbele ya tangi ameshika kiuno, na Bado yuko juu ya ngazi akigusa chuma kwa kidole. Tangi halikuwa na joto hata kidogo. Aliposhuka hakuhitaji mkalimani. "Maji moto," alisema, akaonyesha mapazia meupe yanayopepea kila mahali, "hapa."

Mganga Mkuu alifika akiwa amevaa suti, uso umemsawajika. Ni mtu mwema, niseme hivyo mapema, na amehangaika kwa ajili ya hospitali ile kuliko wengi wanavyojua. Lakini hofu haina adabu. Alimvuta Mjomba kando, mlangoni pa chumba cha boila, na mimi niliyekuwa nimekuja kulalamika nikajikuta nasikia.

"Mzee wangu, niokoe," alisema. "Valvu ya boila bado imeungana na mabomba?"

"Imeungana."

"Basi washa. Kuni kavu tupu, moshi uwe mwembamba. Wakifika watafungua bomba, watakuta maji ya moto, basi. Nani atakayetazama juu?"

"Wataambiwa ni ya jua?"

"Si jana yalikuwa ya jua? Na kesho yatakuwa ya jua. Ni leo tu, Mzee. Leo tu."

Mjomba alitazama boila, akatazama kuni zilizopangwa kando yake, kavu, tayari. Mganga Mkuu alimshika bega, akaongeza jambo ambalo najua lilitoka moyoni. "Wakituacha, wewe ndiye utakayerudi humu ndani. Unajua kifua chako."

Alipoondoka nilijitokeza. Nilijua kuwasha ni uongo. Nilijua pia kwamba uongo huo ndio ungemtoa motoni milele. Mtu akikulea, akakununulia sare, akakusubiri getini siku ya mtihani, halafu ukasimamishwa mahali ambapo ukweli unaweza kumwua, usijidai unajua utakachosema.

"Washa tu, Mjomba," nikasema.

Alinitazama kwa mshangao, na kwa upendo, maana alielewa. "Wewe? Wewe uliyenipigia kelele miaka yote nizime?"

"Mara ya mwisho."

Alitikisa kichwa. "Mwanangu, uongo ni kama huyu," alisema, akaigonga boila kwa kifundo cha kidole. "Ukishamwasha, lazima umlishe. Nenda wodini."

Akaingia ndani, akajifungia. Nilirudi wodini, nikasimama dirishani, macho kwenye dohani ya boila. Mtoto mmoja alianza kulia nyuma yangu, mwingine akampokea. Nilikuwa najaribu kuomba, ila sikujua niombe moshi utoke au usitoke. Magari ya wageni yaliingia. Niliposikia milango yake ikifungwa, dohani ilikuwa bado safi, na mbingu nyuma yake ya kijivu, haina hata uzi wa moshi. Nikashika dirisha.

Mjomba alitoka amevaa ovaroli ya bluu, mikono ina majivu. Alikuwa amezoa majivu yote ya mwisho na kufagia.

Wageni walikuwa wengi, kila mmoja na beji shingoni, lakini aliyewaongoza alikuwa bibi mfupi mwenye miwani mikubwa na viatu vya kutembelea. Kando yake alikuwa afisa wa wizara yetu, aliyekuja kufasiri. Walisifu mapazia. Walisifu sakafu. Kisha wakafika kwenye bomba la wodi ya wazazi, lililofungwa utepe, na yule bibi akakata utepe, akafungua, akaweka mkono. Hakuutoa. Aliuacha pale, maji yakipita, akitutazama mmoja mmoja.

"Kuna changamoto ndogo ya kiufundi," alianza afisa.

"Shikamoo, mama," alisema Mjomba.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia, kwa sababu Mjomba haingii wodi ya wazazi bila kukaribishwa. Nikasema, "Karibu, Mjomba." Akaingia.

"Mwambie, maji haya ni ya baridi kwa sababu yao," alimwambia afisa. Mjomba akaendelea, taratibu. "Kwetu mgeni akija tunafua. Tumefua kila kitu, mpaka bendera. Na jua jana halikutoka. Maji ya moto yote yako kwenye yale mapazia aliyoyasifu. Jua likitoka, yatarudi. Lakini tangi ni moja na sisi ni wengi, na wageni hawataisha. Boila yangu ile pale. Ningeiwasha asubuhi, saa hizi mngekuwa mnaungua vidole, mngefurahi, mngekwenda zenu. Sikuiwasha."

Hakumtaja Mganga Mkuu, hakumtazama hata. Mganga Mkuu ndiye aliyejitazama viatu.

Afisa alifasiri, nadhani kwa kukata kidogo, maana maneno yake yalikuwa mafupi na Bado alikunja uso. Bibi alimwuliza Mjomba kama angependa boila ile ibaki.

"Nimeipenda," alisema Mjomba. "Na imenila kifua. Nataka kuifunga. Lakini na mimi niulize. Ninyi huko kwenu, zenu mmezifunga?"

Afisa alianza kupekua karatasi zake. Swali lile halikuwa kwenye ratiba. Ndipo Bado, aliyekuwa ameinama chini ya mlango kama kawaida yake, alipolisema lote kwa lugha ya kwao, bila kupunguza. Niliona wageni wakitazamana. Mmoja alitabasamu tabasamu la ofisini. Yule bibi alifunga bomba, akajifuta mkono kwenye sketi yake, akamgeukia Bado akamnong'oneza swali. Bado akamnong'oneza jibu. Bibi akamtazama Mjomba usoni.

"Bado," alisema.

Mama Povu, aliyekuwa akichungulia dirishani, ndiye aliyeanza kucheka, kisha wazazi kitandani, wameshika matumbo yanayowauma, kisha wageni wenyewe. Mjomba hakucheka. Alimpa yule bibi mkono wenye majivu, naye akaupokea. "Basi tuko sawa," alisema Mjomba. "Mimi natangulia. Nanyi mje."

Mlango wa boila ulilehemiwa mchana huo, kwa kauli ya yule bibi, kabla wizara haijajua iseme nini. Tangi la pili tuliloahidiwa siku hiyo halikufika upesi. Kamati ziliketi, zikaahirishwa, bahari ikachelewesha, bandari ikachelewesha zaidi, na siku za mawingu tuliwagawia akina mama maji ya moto kwa ndoo, waliojifungua kwanza, huku wafuaji wakisubiri jua na kulitukana. Redio ya Mjomba ilitupatia habari za mkutano mwingine, na mwingine. Lakini tangi lilifika, na safari hii Bado alikuja na viungo vya bomba vilivyokwisha chongwa kwa kipimo cha fundi wetu wa mtaani, vimefungwa kwenye karatasi kama zawadi. Alibisha hodi kwenye chumba cha boila kabla ya kuvikabidhi.

Siku hizi Mjomba hupanda paani asubuhi na kitambaa chake. Anagombana na ndege. Anazifuta paneli mpaka ziogope. Akishuka hupita wodi zote, mgongo wa kiganja kwenye mabomba, na kabla ya kurudi kwake huingia chumba cha boila kwa hodi, akakaa kidogo na mke wake wa pili. Kile kilima, mvua zikinyesha, nimeona kimeanza kuota vichaka.

Asubuhi moja Mama alinijia wodini, kanga begani, uso umevimba wa kukosa usingizi. Nilishtuka, nikamkalisha, nikamwuliza kulikoni.

"Mjomba wako hanipi usingizi."

"Amerudia kukohoa?"

"Si ndiyo maana? Hakohoi!" alisema kwa hasira kabisa. "Maisha yangu yote nikizinduka nasikia kile kikohozi, najua yupo, nalala. Sasa nikizinduka, kimya. Nasikiliza, kimya. Inabidi nimtie kiwiko ndipo nijue yu hai."

Nilimshika mkono, nikashindwa kujizuia, nikacheka, naye akacheka, kisha tukawa tunafuta machozi wote wawili kwa ncha ya kanga yake.

"Na ukimtia kiwiko anasemaje?"

"Anaamka nusu, macho yamefumba. Ananiuliza, 'Yamefika?' Namwambia, 'Yamefika, mume wangu. Lala.'"